Ajali haina kinga, lakini kichwa kinayo

Mfanyabiashara anayevuka mpaka kwa bodaboda hupiga hesabu ya nauli, ushuru na faida. Kofia ngumu inayomkaa vizuri nayo ni sehemu ya hesabu hiyo.

Saa 12 asubuhi, upande wa Uganda wa mji wa Busia, pikipiki zimekwisha panga foleni kabla maduka hayajafunguliwa. Mama mwenye trei za mayai anapanda nyuma na kuzipakata. Dereva anamnyooshea kofia iliyokuwa ikining'inia kwenye usukani. Mama anaichungulia ndani. Sponji bado ina unyevu wa jasho la abiria wa jana, na mkanda wa kidevuni umekatika upande mmoja.

"Acha tu, mwanangu. Ni hapo tu mbele."

Dereva habishani. Anairudisha kofia kwenye usukani na pikipiki inaondoka. Trei za mayai zimefungwa vizuri kwa mpira, kila yai kwenye kishimo chake. Kichwa cha mwenye mali kiko wazi.

Maneno hayo, "ni hapo tu", husikika pia Malaba, Namanga, Sirari, Mutukula na Rusumo. Wafanyabiashara wengi wa mipakani hupanda pikipiki mara nne au zaidi kwa siku: kutoka nyumbani hadi kituo cha mpakani, kutoka mpakani hadi sokoni, kisha kurudi. Jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa katika njia hizo. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia waliwabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, wakiita wateja kwa neno walilolichukua kwenye Kiingereza la mpaka, yaani boda. Baiskeli zimeipisha pikipiki na mwendo umeongezeka, lakini abiria wengi bado wanapanda kama waliopanda baiskeli.

Ukiwauliza sababu, wengi hawatasema kwamba hawaogopi ajali. Watasema kofia inanuka, inabana kipaji cha uso, inavuruga nywele, inazungukazunguka kichwani, au inatia joto. Hizo ni sababu za kweli, na ndizo zinazoeleza kwa nini suala la kofia inayomkaa mtu vizuri si anasa. Kofia inayomsumbua mvaaji huishia kwenye usukani, juu ya tangi la mafuta au mkononi, na ikiwa huko haimlindi mtu yeyote.

KOFIA INAFANYA NINI

Kofia ya pikipiki ina sehemu nne. Kuna ganda la nje, ambalo ni la plastiki ngumu au nyuzi za kioo zilizogandishwa. Chini ya ganda kuna povu gumu jeupe, la aina ile ile inayofungiwa televisheni mpya ndani ya katoni. Kisha kuna sponji laini inayogusa kichwa, na mwisho kuna mkanda wa kidevuni.

Watu wengi huamini kwamba ganda ndilo linalookoa maisha. Ganda hutawanya kishindo na kuzuia jiwe au chuma kisipenye, lakini kazi kubwa hufanywa na lile povu. Kichwa kinapogonga lami, povu hupondeka na kukipa nafasi ya kusimama polepole kidogo badala ya kusimama ghafla. Tofauti ya muda ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini kwa ubongo tofauti hiyo ni kubwa. Povu likishapondeka halirudi kama lilivyokuwa. Kwa hiyo kofia iliyopata kishindo kikubwa imemaliza kazi yake, hata kama nje inang'aa.

Katika kipimo cha Umoja wa Mataifa kinachojulikana kama Kanuni namba 22, kofia huvishwa kichwa cha bandia na kuangushwa kwenye chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa. Ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 3. Toleo jipya la kanuni hiyo, la 06, limeongeza kishindo cha pembeni kinachokizungusha kichwa, kwa sababu ubongo huumia pia kwa kuzungushwa ghafla.

Mtu anaweza kuuliza: kama kipimo ni kilomita 27 na bodaboda inakimbia 60, kofia ina faida gani? Jibu ni kwamba katika ajali nyingi mpanda pikipiki huruka na kuanguka, na mwendo ambao kichwa kinaifikia ardhi hutegemea zaidi urefu alioanguka kuliko mwendo wa pikipiki. Hakuna kofia inayoshindana na lori uso kwa uso. Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1935 mwanajeshi wa Uingereza T. E. Lawrence, aliyejulikana kama Lawrence of Arabia, alianguka na pikipiki yake na kufa siku 6 baadaye. Miongoni mwa waliomhudumia alikuwa daktari wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Cairns akaanza kuchunguza vifo vya askari wapeleka barua waliotumia pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake akieleza umuhimu wa kofia. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaanza kuwalazimisha askari wake wa pikipiki kuvaa kofia.

SOMO LA VIETNAM

Nchi inayofanana na mitaa yetu kwa wingi wa pikipiki ni Vietnam. Huko nako watu walizikataa kofia kwa miaka mingi. Zilikuwa nzito na zenye joto, na wananchi walizibandika jina la masufuria ya kupikia wali. Watengenezaji wakabuni kofia nyepesi kwa nchi za joto, yenye matundu ya hewa na inayofunika sehemu ya juu ya kichwa, huku ikiwa na povu la kutosha na kiwango kinachotambulika. Serikali ikaweka sheria kwamba kuanzia tarehe 15 Desemba 2007 kila dereva na kila abiria avae kofia katika barabara zote. Idadi ya wavaaji ilipanda haraka na kupita asilimia 90.

Sheria ilifanya kazi yake, na askari barabarani walifanya yao. Lakini watu walikuwa na kofia wanayoweza kukaa nayo kichwani saa nzima kwenye jua. Mfanyabiashara wa Kasumulu au Gatuna anaweza kulichukua somo hilo bila kusubiri serikali: atafute kofia yake mwenyewe, inayotosha kichwa chake, na asitegemee ile ya kwenye usukani.

JINSI YA KUIPIMA

Kwanza pima kichwa. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Uzungushe juu kidogo ya nyusi na juu ya masikio, hadi sehemu ya nyuma ya kichwa iliyotokeza zaidi. Kipimo hicho husomwa kwa sentimita. Kwa kofia nyingi, 55 hadi 56 ni S, 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, na 61 hadi 62 ni XL. Watengenezaji hutofautiana kidogo, hivyo angalia namba iliyoandikwa ndani ya kofia yenyewe badala ya kuamini herufi peke yake.

Pili, ivae ukiwa na nywele kama unavyosafiri nazo. Mwenye misuko minene aliyepima kofia siku aliyonyoa atakuta haiingii, na aliyepima akiwa na misuko ataiona inacheza akishafumua. Chagua kwa kufuata mtindo unaokuwa nao siku nyingi.

Tatu, kofia mpya iwe ya kukaza kidogo. Mashavu yasukumwe juu kama ya mtoto aliyeshiba, lakini pasiwe na sehemu moja inayouma. Sponji hulegea kwa matumizi, kwa hiyo kofia iliyo laini na pana dukani itakuwa inazunguka baada ya miezi michache. Vichwa vina maumbo: kuna vya mviringo na kuna virefu kuanzia usoni hadi kisogoni. Kofia ya namba yako inaweza kukukataa kwa sababu ya umbo. Ikae kichwani dakika 10 hadi 15 huku ukiendelea kupatana bei. Ukiivua na kukuta alama nyekundu au maumivu sehemu moja ya kipaji, hiyo si yako. Kinachouma kidogo dukani kitauma sana baada ya saa moja barabarani.

Nne, ifunge mkanda na ufanye majaribio mawili. La kwanza, ishike kofia kwa mikono miwili na uizungushe kushoto na kulia: ngozi ya uso na mashavu ifuate kofia. Kofia ikizunguka peke yake ni kubwa. La pili, mwombe mwenzako aishike kwa nyuma, sehemu ya chini, na kuivuta polepole kwenda juu na mbele. Ikivuka kichwa, iache hapo hapo dukani. Katika ajali itakutangulia kufika chini.

Mkanda uwe umekaza kiasi kwamba vidole viwili tu vinapita kati yake na koo. Kuna mikanda ya pete mbili na kuna ya kubonyeza. Yote inafaa ikiwa mizima. Kofia isiyofungwa hesabu yake ni kama hukuvaa, kwa sababu kishindo cha kwanza huiondoa, na kichwa mara nyingi hugonga zaidi ya mara moja.

UNACHAGUA AINA GANI

Kofia inayofunika uso mzima hulinda na taya pia. Taya na kidevu hugonga chini mara nyingi katika ajali, na anayeishi kwa kuongea na wateja anajua thamani ya mdomo wake. Kwa dereva anayeshinda barabarani, au mfanyabiashara wa safari ndefu za lami, hii ndiyo bora.

Kofia ya uso wazi, inayofunika masikio na kisogo, ina hewa zaidi na ni nyepesi. Inafaa safari fupi za mjini kwa mtu ambaye bila hiyo asingevaa chochote, ila ajue kwamba uso wake hauna kinga. Kofia ya nusu, inayokaa juu kama bakuli, huacha kisogo na ubavu wa kichwa wazi.

Kofia ya ujenzi, ile ya njano au nyeupe inayoonekana kwenye baadhi ya vituo vya bodaboda, haimo katika orodha hii. Ilitengenezwa kwa ajili ya kitu kinachoanguka kutoka juu. Haikutengenezwa kwa mtu anayeanguka mwenyewe, na mara nyingi haina hata mkanda wa maana.

Hofu moja husikika sana: kwamba kofia humzuia mtu kuona na kusikia. Utafiti mkubwa wa ajali 900 za pikipiki uliofanywa katika eneo la Los Angeles, Marekani, na kutolewa mwaka 1981, haukuona kwamba kofia ilisababisha ajali kwa kuzuia macho au masikio. Kofia nzuri huacha nafasi pana ya kuona pande zote mbili. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa anayevuka Rusumo au Gatuna, kwani magari ya Rwanda hupita upande wa kulia wakati ya Tanzania na Uganda hupita kushoto. Ukiwa dukani, vaa kofia na utazame kulia na kushoto bila kugeuza shingo sana. Ukiona ukingo wa kofia kuliko unavyoona mlango wa duka, jaribu nyingine.

ALAMA ZA UKWELI NA STIKA ZA UONGO

Maduka ya vipuri ya Kariakoo, Kirinyaga Road jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala yana kofia za kila bei. Tofauti haionekani kwa rangi. Mnunuzi, na hasa mfanyabiashara anayenunua ili akauze ng'ambo ya mpaka, anapaswa kusoma alama.

Alama ya Umoja wa Mataifa ni herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi, 9 Hispania. Huwa kwenye lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Namba ya idhini huanza na 05 au 06, ikionyesha toleo la kanuni. Baada yake huja herufi: P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa na inalinda, J maana yake kofia haina sehemu ya kidevu, na NP maana yake kidevu kipo lakini hakilindi. Hiyo ya mwisho huwadanganya wengi, kwa sababu kwa macho kofia inaonekana ya uso mzima.

Kofia za India huwa na alama ya ISI pamoja na namba IS 4151. Alama ya DOT ni ya Marekani, na huko mtengenezaji ndiye anayejithibitishia kwamba ametimiza kanuni. Ndiyo maana stika ya DOT peke yake, iliyobandikwa nyuma na inayobanduka kwa ukucha, isimtoshe mnunuzi. Angalia pia alama za mashirika yetu ya viwango: KEBS ya Kenya, UNBS ya Uganda, TBS ya Tanzania na RSB ya Rwanda.

Lebo zikikosekana au zikitia shaka, mikono inaweza kusaidia. Fungua sponji kidogo utazame povu gumu. Kofia salama huwa na povu lenye unene wa takriban sentimita 2.5 au zaidi. Ile ambayo ndani ina sponji laini tu, au povu jembamba kama sahani ya plastiki, ni pambo. Uzito nao unasema: kofia nzima ya kawaida huwa na kilo 1.2 hadi 1.6. Yenye chini ya nusu kilo itiliwe shaka. Bonyeza ganda pande mbili kwa viganja. Likibonyea kama ndoo, iache. Vuta mkanda kwa nguvu uone kama umepigwa ribiti imara.

Bei kubwa pekee si ushahidi. Mpango wa serikali ya Uingereza wa kupima kofia, SHARP, ulioanzishwa mwaka 2007, umeonyesha kuwa baadhi ya kofia za bei ya chini hupata nyota nyingi kuliko za bei ghali. Sehemu ya fedha hulipia michoro na jina. Lakini kofia inayouzwa kwa bei ya sahani mbili za chakula imepunguzwa kitu, na kwa kawaida kilichopunguzwa ni kile kisichoonekana, yaani povu.

Kwa wanaouza mitumba, hapa pana jambo la kuwekwa wazi. Nguo iliyovaliwa na mtu mwingine haina siri kubwa. Kofia ya mtumba ina siri: hakuna anayejua kama iliwahi kuanguka na mwenyewe, na povu lililopondeka huweza kufichwa vizuri na ganda na sponji. Mteja anayeinunua hujiona amepata kinga. Muuzaji mwenye jina la kulinda sokoni aiache nje ya robota lake.

Anayefikiria kuzifanya kofia kuwa biashara ajue pia kwamba Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaohusu shehena isiyozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Kofia iliyotengenezwa China au India haipati cheti hicho kwa sababu tu imenunuliwa Nairobi au Kampala. Kabla ya kufunga mzigo, uliza kwenye dawati la taarifa za biashara lililopo mpakani kuhusu ushuru na cheti cha ulinganifu wa viwango, na utunze risiti. Kofia zilizopitia njia ya panya hazina mtu wa kumrudia zikikutwa mbovu.

JOTO, NYWELE NA KILEMBA

Joto ni lalamiko la haki. Tafuta kofia yenye matundu ya hewa mbele na nyuma, na hakikisha matundu hayo yanapita hadi ndani. Kwenye baadhi ya kofia ni mapambo yaliyochorwa juu ya ganda. Sponji inayotoka na kufuliwa ni faida kubwa, kwani jasho la wiki moja ndilo linaloleta harufu inayowakimbiza abiria.

Rangi nyepesi hupokea joto kidogo kuliko nyeusi, na ina faida nyingine. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004, uliona kwamba waliovaa kofia nyeupe walikuwa na hatari ndogo ya ajali kwa takriban asilimia 24 kuliko waliovaa nyeusi. Dereva wa lori anayetoka Malaba alfajiri hukiona mapema kichwa cheupe kuliko cheusi.

Wanawake ndio wengi katika biashara ndogo za mipakani, na nywele si jambo la kupuuzwa. Kitambaa chembamba cha pamba, au kofia laini ya kulalia nywele, huvaliwa ndani. Huzuia misuko isivurugike, hunyonya jasho, na hupunguza uwezekano wa kuambukizana mapunye unapolazimika kuvaa kofia ya dereva. Kifuliwe kila jioni. Hijabu nyembamba iliyolazwa vizuri haina tatizo, mradi pini isikae chini ya kofia. Kilemba chenye fundo kubwa utosini kinainua kofia na kuifanya ielee, kwa hiyo kifunguliwe, kikae kwenye mkoba, kifungwe tena sokoni. Misuko iliyokusanywa juu ishushwe kisogoni, chini ya ukingo wa kofia.

Kwa anayesafiri na mtoto, kofia ya mtu mzima si kofia ya mtoto. Itamziba macho na kumlemea shingo, na katika ajali itamtoka.

KIOO NA MATUNZO

Kioo cha kofia hukinga vumbi, wadudu na mvua, na hasa mawe madogo yanayorushwa na malori. Kwa anayeondoka kabla ya mapambazuko na kurudi magharibi, kioo kiwe cheupe. Kioo cheusi ni cha mchana tu. Kikishakwaruzwa sana kibadilishwe, maana usiku kila mkwaruzo hutawanya mwanga wa taa za gari linalokuja na kumpofusha mvaaji. Kisafishwe kwa maji, sabuni laini na kitambaa. Kukifuta kwa mkono wenye vumbi ndiko kunakokikwaruza.

Kofia isisafishwe kwa petroli wala tina. Vimiminika hivyo hudhoofisha plastiki ya ganda na kuyeyusha povu, bila dalili yoyote ya nje. Rangi za kupuliza na gundi kali za stika zinaweza kufanya hivyo hivyo, na vijana wanaopenda kuandika majina na timu zao kwenye kofia wanapaswa kulijua hilo. Isikaliwe kama kigoda, isitundikwe kwenye kioo cha pembeni kinachochoma povu, isiachwe juani kutwa nzima, wala kufungwa chini ya gunia la vitunguu. Hata bila ajali, baada ya miaka 5 hivi ya matumizi inashauriwa ibadilishwe, kwa sababu jasho, joto na mafuta ya nywele huichosha.

SHERIA IKO PANDE ZOTE

Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zote zinamtaka anayepanda pikipiki avae kofia. Utekelezaji ndio unaotofautiana. Kigali abiria akipanda bila kofia huonekana mgeni. Katika miji mingine ya mpakani anayevaa ndiye hutazamwa mara mbili. Mfanyabiashara anayevuka asubuhi na kurudi jioni akiwa na kofia yake hana haja ya kukumbuka yuko upande gani wa mpaka.

Usemi unaosikika sana vituoni ni kwamba ajali haina kinga. Ni kweli kwa maana ya kwamba hakuna ajuaye siku wala saa. Lakini aliyesema hivyo alizungumzia ajali, hakuzungumzia kichwa. Mfanyabiashara mdogo hana ofisi itakayomlipa mshahara akiwa wodini. Akiumia kichwa, anayejua wadeni, bei za jana na namba za wateja ni yeye peke yake, na yote hayo yamo humo kichwani. Mzigo uliomwagika barabarani hununuliwa tena kwa mkopo wa kikundi. Kikundi hakina mkopo wa kumbukumbu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Anayepanda bodaboda mara nne kwa siku, siku 6 kwa wiki, hupanda zaidi ya mara 1,200 kwa mwaka. Bei ya kofia nzuri ikigawanywa kwa safari hizo za miaka 5, kila safari huchangia kiasi kidogo sana kuliko chenji anayomwachia dereva.

Jioni pale Busia, wakati malori yanawasha taa na vituo vya bodaboda vinajaa wanaorudi nyumbani, wachache huonekana wakija na kofia zao mikononi, wameziingiza kwenye kiwiko kama kikapu. Madereva wanawafahamu. Hawawanyooshei ile ya kwenye usukani. Husubiri tu mama aikunje leso yake, aivae kofia, aupitishe mkanda chini ya kidevu na kuujaribu kwa vidole viwili.

"Twende, mwanangu. Ni hapo tu."